Wimbo wa Kupelekea Zawadi

Gitaa la kaka yangu Elia lilinguruma kama trekta linalopanda kilima, na ngurumo hiyo ilishuka kwenye migomba ya Nkoaranga mpaka ng'ombe wa jirani wakaacha kula. Spika haikuwa mbovu. Aliitoboa mwenyewe kwa msumari, makusudi, ili ikwaruze. Alipigia ndani ya banda la baba la kumenyea kahawa, kwa betri ya gari, na mpaka leo nikinusa maganda ya kahawa yaliyochacha nalisikia gitaa kabisa. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo nitaandika ninavyoongea, mnivumilie.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sabuni ilirudi madukani, nasi tulikuwa tumefulia majani ya mpapai mpaka tumeyazoea. Mitumba ikajaa sokoni Arusha mjini, na nyuma ya mitumba zikaja kaseti za Wazungu wenye nywele ndefu. Mama alifurahia sabuni, Elia akafurahia kaseti. Yeye na Zakayo mpiga dramu, na vijana wengine wawili, wakaunda bendi ya roki. Walivaa jinzi zilizochanika magotini, na bibi yetu, maskini, kila akiwaona alikuwa anatafuta sindano awashonee.

Sasa, kwetu kipaimara hakiishii kanisani. Mkifika nyumbani, ndugu wanapanga mstari na kumpelekea mtoto zawadi huku wanacheza, shangazi na beseni kichwani, mjomba anavuta mbuzi. Mstari huo ndio sherehe yenyewe. Basi bendi ya Elia ikaalikwa kwa jirani, nao wakapiga ngurumo yao ileile. Shangazi wa mbele akaanza kutembea, akapoteza hatua, akasimama. Wa nyuma yake akamgonga, mchele ukamwagika, mbuzi akakimbilia kwenye kahawa. Mtoto mwenye sherehe akalia. Baba alirudi nyumbani amenuna, akasema kipaimara changu, kilichokuwa kinakuja baada ya mavuno, kitaimbiwa na kwaya, na bendi asiione uani kwake. Roho iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshawatambia wasichana wote wa darasa la kipaimara kwamba mimi nitapigiwa na kaka yangu.

Nikamwendea mama. Yeye na baba hawakuwa watu wa kubishana. Mama alikuwa na njia zake. Alimwita Elia uani, akamtwika beseni la ndizi, akaniambia niwashe kaseti waliyojirekodi.

"Haya, niletee zawadi," akamwambia.

Elia akapiga hatua mbili tatu, muziki ukamwacha. Akaukimbilia, ndizi zikadondoka. Akaanza upya, zikadondoka tena. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, wimbo wako mzuri, lakini hauna mahali pa kuweka mguu. Na mdomo wangu je, nikitaka kuitikia, utaingilia wapi?"

Elia aliokota ndizi, akaenda bandani, akaziba lile tundu la spika kwa karatasi na uji wa unga. Gitaa likaanza kulia safi, kama mtu aliyepona mafua. Wimbo ulikuwa uleule, ila aliupunguza mbio, akautia kiitikio kifupi, chepesi, ukikisikia mara moja umeshakijua. Zakayo akagoma.

"Mimi napiga roki, Elia. Sikuja hapa kubebesha watu mabeseni."

"Piga roki yako," Elia akamjibu, "ila shangazi zangu wafike."

Zakayo akabaki, na mkono wake ulibaki mzito vilevile. Nawaambia ukweli, dramu ile nzito ndiyo iliyowapa watu hatua. Baba naye? Mama alimkuta shambani anapogolea kahawa huku anakipiga mluzi kile kiitikio. Hakikuhitajika kikao.

Siku yangu ilipofika mstari ulianzia barabarani. Shangazi zangu walikuja wanaimba, mabeseni yametulia vichwani, wakanimwagia zawadi. Halafu nikaona jambo ambalo sijaliona tena: walikuwa wakirudi mwisho wa mstari mikono mitupu, ili waje mara ya pili. Wasichana niliowatambia walikuwemo humo humo. Baadaye bendi iliitwa mpaka Olmotonyi na Kisongo. Wapo vijana waliosema wamelainika, wameiacha roki. Waache waseme.

Siku hizi sherehe zetu zina kompyuta na spika kubwa kama kabati, na watu wanacheza vizuri tu, sina ugomvi nao. Lakini wimbo ukiisha unakuja mwingine, na hakuna anayeuliza umetoka kwa nani. Msimu uliopita niliwakuta mabinti wanachuma kahawa huku wanaimba kiitikio cha Elia. Nikawauliza ni wimbo wa nani.

"Wa zamani huo, bibi, hauna mwenyewe."

Nikatua mzigo wangu chini. Nikawaonyesha nyumba yenye bati jekundu kule juu, nikawaambia unaye mwenyewe, anaitwa Elia, tumezaliwa tumbo moja.