Gundi Ambayo Haikuandikwa

Walimwita Misumari, na jina hilo hakupewa kwa ukali. Fundi wa makochi anapopigilia kitambaa, mkono mmoja unavuta na wa pili umeshika nyundo, kwa hiyo misumari haina pa kukaa ila mdomoni. Huisogeza kwa ulimi, akatoa mmoja mmoja. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi hivyo. Ukimwuliza jambo saa za kazi alikujibu kwa kichwa, au alikuelekeza kwa nyundo, na wateja walishamzoea. Mkewe alisema ndiyo maana hawajawahi kugombana mchana.

Kwa nyundo hiyohiyo alimlea mpwa wake. Dada yake alifariki, na yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, basi yatima akawa mwana wao: ada ya shule, sare, chuo, vyote vilitoka kwenye makochi ya watu. Kila mkewe alipotaka kumwadhibu kwa uongo wake mdogomdogo, Misumari alimzuia. "Muache, hana mama huyo." Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini nani alikuwa na ubavu wa kumwambia?

Yatima akakua, akavaa tai, akawa wakala wa bima. Siku moja akaingia karakana na mkoba kwapani.

"Mjomba, hapa pakiungua utakula nini?"

Misumari alitema misumari kiganjani. "Umekuja kunisalimia au kuniapiza?"

"Nimekuja kukukinga." Akakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, akaeleza vizuri kuliko mwalimu. Mtu hukatia bima kilicho chake, au ambacho kikiharibika ataumia yeye; vinginevyo watu wangekatia bima nyumba za majirani, kisha wakaomba zishike moto. Na bima haimtajirishi mtu. Inamrudisha pale alipokuwa kabla ya hasara, basi.

"Lakini kubwa kuliko yote ni ukweli, mjomba. Kampuni haikai humu ndani na wewe. Inajua kile unachoiambia tu. Ukificha jambo la maana, hata kama moto haukuanzia hapo, mkataba umekufa."

Misumari alisikiliza huku kifua kimemjaa fahari. Huyu ndiye aliyekuwa akilowesha godoro! Akakubali, akarudisha misumari mdomoni, maana kulikuwa na mteja wa saa tisa, na kijana akaanza kumsomea maswali ya fomu. Paa ni la bati? Kichwa kikaitikia. Kuna umeme? Kikaitikia. Kuna vitu vinavyoshika moto haraka, kama petroli, rangi au gundi?

Misumari akanyoosha nyundo kwenye kona, palipokaa madumu mawili ya gundi ya sponji, ile inayonuka mpaka barabarani. Kijana aligeuka akaitazama kona. Aliyaona madumu yale, na asikudanganye mtu kwamba hakuyaona. Kisha akainamia fomu na kuandika: Hakuna.

Misumari alitia saini juu ya mkono wa kochi, vidole vikiwa na gundi bado, bila kusoma hata mstari. Nani anakagua kazi ya mwanawe?

Mwaka uliofuata, Jumapili mchana, waya ulipiga cheche kwenye saluni ya jirani. Dari lilikuwa moja kwa vyumba vyote. Moto ukatambaa juu kwa juu, ukashukia kwa Misumari, na ulipoikuta gundi haukuhitaji kusukumwa. Zimamoto walifika kuzima majivu.

Mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni ya bima alikuwa mwanamke mpole mwenye viatu vya buti. Alipima, akapiga picha, akasimama konani mbele ya mabaki yaliyoyeyuka.

"Baba, hapa palikuwa na nini?"

"Gundi."

"Mbona kwenye fomu hakuna gundi?"

Jioni ileile mpwa alikuja nyumbani, akapiga magoti sebuleni. "Mjomba, nisamehe. Ningeandika ipo, angetumwa mkaguzi, na mkaguzi anachukua wiki tatu. Mimi nilikuwa napungukiwa mteja mmoja kufunga mwezi. Wakijua, kazi sina."

"Inuka," alisema Misumari. "Tutasema tulipitiwa wote wawili. Mzigo tutaubeba pamoja."

Kijana alipoondoka, mkewe alisema, "Baba, sema ukweli wote. Karakana ndiyo sufuria yetu."

"Meno ya mbwa hayaumani, mke wangu."

"Haya. Wewe yahesabu tu."

Siku ya kikao ofisini kwa kampuni, meneja aliwakaribisha viti Misumari na mpwa wake, wao wawili tu, akasema waziwazi. "Mzee, jambo ni moja. Kama wakala wetu aliiona gundi akaandika hakuna, kosa ni letu na tutalipa. Kama wewe hukutuambia, hatuna la kufanya."

Misumari alikuwa anajiandaa kusema walipitiwa. Mpwa wake akamtangulia.

"Swali hilo nilimsomea mteja, bosi. Mteja hakutamka neno lolote kuhusu gundi."

Mteja! Miaka ishirini ya uji na ada, leo mteja. Na kibaya zaidi, hakusema uongo. Misumari kweli hakutamka neno. Mdomo ulikuwa umejaa misumari iliyomsomesha huyo msemaji. Uchungu ulimpanda mpaka macho yakaloa, na hakujali nani anamwona.

"Nilikuonyesha kwa nyundo," alisema. "Ukageuka, ukaitazama kona. Juzi umenipigia magoti kwa ajili ya hilohilo."

Meneja aliweka kalamu chini. "Mzee, una shahidi?"

"Ninaye. Huyo hapo."

Meneja alimgeukia kijana na kungoja. Kijana alikuwa ananyoosha tai yake, iliyokuwa imenyooka tayari. "Sikumbuki nyundo yoyote," alisema. Meneja akafunga faili.

Siku hizi Misumari anapigilia makochi kwenye kibaraza cha fundi mwenzake, kwa kazi anazogawiwa. Wateja wa zamani wakipita humpa pole, na wengine humwuliza moto ulimchukulia nini hasa. Hapo hutema misumari kiganjani, ajibu kwa mdomo mtupu. Cherehani mbili, huwaambia. Mbao, sponji, makochi saba ya watu. Na mpwa.