Nati ya Oili Iliyotafunwa

Nilitoka eda Jumanne. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba ya mama mkwe, pale Msimbati, nikiikagua mashine ya boti aliyoniachia marehemu mume wangu. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na muda wote huo mashine ilikuwa mikononi mwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akivua nayo na kutuletea kitoweo. Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata nikipewa maji ya kunywa nachungulia kwanza ndani ya kikombe.

Nilichokiona kilinitosha. Chini kabisa ya mashine, karibu na pangaboi linalosukuma maji, kuna nati ndogo ya kumwagia oili ya gia. Naijua vizuri, maana mume wangu alipokuwa akibadilisha oili ni mimi niliyekuwa namshikia bakuli. Wakati wake nati ile ilikuwa safi, na mkato wa kuingizia bisibisi umenyooka. Sasa kichwa kilikuwa kimetafunwa pande zote, mkato hauonekani, na chuma kinang'aa palipokwanguliwa. Mtu alikuwa ameifungua kwa nguvu, tena zaidi ya mara moja.

Ukiacha mikorosho michache isiyo na uhakika, mashine ile ndiyo iliyokuwa sahani ya watoto wangu watatu. Nilikwishasikia habari za watu wanaotoa gia nzima na kukuwekea mbovu, wewe ukabaki na ganda. Nikaanza kuunganisha mambo. Kwa nini shemeji alinisalimia juzi akitazama chini? Kwa nini aliniambia mashine haina tatizo kabla sijamuuliza? Sikumwambia mtu. Niliita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wanaume wawili wakaipakia mashine mchana kweupe, nusu ya kijiji ikitazama, tukaondoka kwenda kwa fundi Mtwara mjini. Shemeji naye alikuja. Alipanda nyuma akakaa karibu na mashine, akaishikilia kwenye makorongo ya njiani. Hilo nalo nikalishuku.

Fundi aliitazama nati, akasema imefunguliwa na mtu asiyekuwa na bisibisi ya saizi yake. Nilimuuliza kwa sauti ya kumfikia shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye tofali pembeni, kama mtu mwenye nia njema hufungua nati namna ile. Fundi akageukia sanduku lake la vifaa. Naye nikamweka kwenye orodha.

Alijaribu bisibisi yake, ikateleza. Akapaka mafuta ya taa, akangoja yapenye, kisha akaigonga nati kichwani polepole ili ilegee, maana chumvi ilikuwa imeigandisha. Mwisho akachukua tindo, akaiegemeza ukingoni mwa nati na kuigonga kwa ubavu kuelekea kushoto. Alinionya kwamba tindo ikiteleza na kuchimba bodi, oili itavuja na mashine itakuwa imekwisha. Nikasogea karibu. Nilikuwa namtazama yeye, halafu shemeji, halafu yeye tena, nisije nikapitwa na ishara yoyote. Nati ikasogea kidogo, ikakwama, ikasogea tena, ikaachia.

Nilitegemea oili itoke na rangi ya chai ya maziwa, kama inavyokuwa maji ya bahari yakiingia. Ilitoka safi, ya rangi ya asali. Badala ya kufurahi nikapandwa na hasira. Nilijiambia kwamba ameweka mpya ili kunifumba macho, nikamtaka fundi azikague gia zenyewe. Alifuta grisi kwa kitambaa na kunionyesha boliti zinazoshika sehemu ya gia. Rangi ya kiwandani ilikuwa juu yake bado, haijapasuka popote. Hakuna spana iliyowahi kuzigusa. Akazungusha pangaboi kwa mkono, likaenda bila mkwaruzo.

"Gia ni zile zile za kiwandani," alisema, akaingia ndani kutafuta nati nyingine kwenye makopo yake.

Tukabaki wawili. Nilimuuliza shemeji, sasa kama hakuchukua kitu, nati aliifungulia nini. Akasema oili ilikuwa imefikia wakati wake, na kaka yake hakuwa mtu wa kuchelewesha. Ameibadilisha mara mbili tangu msiba, kwa kisu cha samaki na nyundo. Nikamwambia kwamba kaka yake alikuwa na bisibisi ya kazi ile.

"Iko chini ya kitanda chako, shemeji," alisema. "Ningegonga vipi mlango wa mtu aliye edani, eti naomba bisibisi? Na ningemtuma mtoto akachukue vifaa vya marehemu, ungesema nimeanza kugawa mirathi kabla hujatoka ndani."

Na ndivyo hasa ambavyo ningesema. Ningesema mpaka majirani wasikie. Mtu alikuwa ameharibu nati kwa kuniheshimu, nami nimemchukulia kama mwizi aliyekaa na ushahidi wake kwenye kirikuu. Niliona haya kiasi cha kutamani fundi achelewe huko ndani.

Nikamwomba radhi palepale. Akasema yamekwisha. Tulirudi na nati mpya, na pale pwani niliwaambia watu kwa mdomo wangu kwamba mashine ni nzima na mimi ndiye niliyekosea. Jioni hiyo hiyo nikampelekea sanduku lote la vifaa, likae kwake.

Lakini siku hizi kila oili ikifikia wakati, shemeji hutuma mtu kuniita. Hunikuta naanika muhogo au nasuka ukili wa mkeka, nami huacha nikaenda. Yeye hufungua nati mbele yangu, kisha hurudi nyuma hatua mbili na kungoja nitazame. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna haja.

"Njoo tu uone, shemeji," hunijibu kwa upole, na haigusi nati mpaka nifike.