Gunzi Kwenye Valvu ya Breki

Jamani, hili nalisema nimeinamisha kichwa, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana aibu yake nimeshaizoea.

Miaka ya tisini nilikuwa naendesha lori la mizigo kati ya Kasulu na Kibondo, na nilikuwa nimemposa Stefania wa Titye, sasa siku moja mama yake akaomba lifti kwenda Kibondo kwenye ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza, amepakata gauni jeupe la mtoto alilolishona kwa mkono wake. Mama mkwe mtarajiwa, ndani ya kabini, pembeni yangu! Na lori la breki za upepo lina valvu za kila namna, ipo inayozuia upepo usirudi nyuma, ipo inayouachia ukizidi mtungini, na ipo ya mguuni: ukikanyaga inapeleka upepo magurudumuni, ukiachia inautoa nje, pshuuu. Kila pshuuu, mama anageukia dirishani. Nikaona haya (sauti ile kama mtu anajamba, mbele ya mkwe).

Tuliposimama Kasulu nikaingia uvunguni mwa lori, nikachomeka gunzi kwenye tundu la kutolea upepo, nikalikaza kwa mpira wa tairi.

Tulipopita Makere mbuzi wakakatiza, nikakanyaga breki, kimya, raha. Nikaachia, lori halisogei. Upepo umeingia, hauna pa kutokea, breki zimeshika. Nikalazimisha mpaka magurudumu yakafuka moshi. Sababu niliijua, lakini nitatokaje uvunguni na gunzi mkononi, mkwe ananitazama? Nikafungua boneti, nikagongagonga, nikasingizia injini, watu wakajaa, jua likapinda.

"Mwana wanje," mama akaniita mwanangu kwa Kiha, taratibu, "niambie kweli. Tutawahi?"

Nikamweleza yote. Watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka.

"Mimi dirishani nilikuwa nageukia kwa kichefuchefu," akasema. "Sasa lori lisipopumua litakwendaje?"

Nikachomoa gunzi, tukaondoka, tukafika Kibondo watu wanakula wali. Mtoto ameshabatizwa, kavikwa kitenge cha jirani. Mama akalikunjua gauni, akalikunja tena, hakunilaumu hata kwa neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Stefania nilimuoa, na tangu siku ile kinachotoa pumzi nakiacha kitoe. Wanangu wote wamebatizwa wakiwa wamevaa gauni lile. Yule mjukuu wa kwanza huwa anakuja, siku hizi ni mtu mzima, na wakianza kulisifia gauni mbele yake, mimi ndiye ninayegeukia dirishani.