Ng'ombe wa Mtu Hawahesabiwi

Mageni alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache ndiyo yaliyomponza. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mchawi. Alizaliwa Shinyanga, akaolewa huko huko na Mihayo, akazaa watatu, akazika wawili, akabaki na Cornel aliyebatizwa misheni. Watu wakamwita Mama Cornel. Kulima alilima, kutwanga alitwanga, na mgeni hakuwahi kutoka kwake na njaa.

Shinyanga ya miaka ile ya hamsini ilikuwa imechoka. Watu wengi, mifugo mingi, mvua ya kubahatisha, majani yameliwa mpaka mizizi. Bwana shamba alikuwa akipita mnadani akihubiri kwamba huko magharibi, Geita, nchi ipo tele, misitu inafyekwa, na mbung'o, wale nzi wauaji wa ng'ombe, wamekimbia. Wengine walimcheka. Mihayo hakucheka. Kundi lake la ng'ombe alilirithi kwa baba yake. Ndilo lililokuwa heshima yake mbele za watu, ndilo lililokuwa mahari ya Cornel, na kila kiangazi aliona mbavu zikitokeza.

"Hawa wakiisha, na mimi nimekwisha," alikuwa akimwambia mkewe.

Lakini Mihayo hakuwa mtu wa kuhama kichwakichwa. Alisema nchi ya kuhamia huendewa kwanza na macho, ndipo iendewe na mizigo. Basi baada ya mavuno akafunga safari na Mageni, mwanaume akatazame udongo na majani, mwanamke akatazame maji na kuni. Wakakata njia kwa miguu kupitia Msalala, wakilala kwa watu, mpaka wakafika kwa Kalisti, jirani yao wa zamani aliyekuwa ametangulia kuhamia Geita.

Kalisti aliwapokea kwa mikono miwili. Alicheka, akampiga Mihayo bega, akamwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mkewe, Klara, akachinja kuku.

Na Mihayo akaikagua nchi ile, si mchezo. Alichimba udongo hapa na pale, akauonja kwa ulimi. Alishuka bondeni kuona kama kisima kina maji wakati huo wa kiangazi. Aliuliza tabia ya mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, kama ni mtu wa kusikiliza au wa kufoka. Aliuliza kuhusu fisi, kuhusu wezi, kuhusu wale wachimba dhahabu wa Nyarugusu, kama wanaharibu vijana. Aliuliza kuhusu mbung'o, na Kalisti akamwonyesha visiki mpaka macho yanapoishia.

"Msitu tumeukata wenyewe kwa mashoka haya," Kalisti akasema. "Umemwona mbung'o hata mmoja tangu ufike?"

Kweli, Mihayo hakuwa amemwona hata mmoja.

Jambo moja tu hakuliuliza. Usukumani mwenye adabu hamwulizi mwenzake ana ng'ombe wangapi. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Ukiwahesabu umewaitia kifo. Hata mwenyewe hawahesabu. Anawajua kwa rangi na kwa majina, na jioni wakiingia zizini anatazama nani hajarudi. Kuuliza wangapi wamekufa ni kumtakia mtu wafe waliobaki. Kwa hiyo Mihayo alipopita karibu na zizi la Kalisti, zizi pana la magogo mazito, aligeuza uso kama inavyompasa mgeni. Aliona maksai watatu walionona wakicheua kivulini. Kalisti akasema wengine wako malishoni, mbali kidogo, na Mihayo akaridhika. Zizi pana namna ile lingekuwa la nini kama si la ng'ombe wengi?

Mageni hakugeuza uso. Si kwa ujeuri. Alipita pale kila siku akitoka kuchota maji, na macho hayana pazia. Aliona majani mabichi yameota ndani ya zizi, upande wa ukutani. Penye kwato hapaoti majani. Jikoni kwa Klara aliona kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa kimening'inia juu, kimekauka mpaka kimepasuka, buibui wamejenga mdomoni. Maziwa ya wageni yalikuwapo kila asubuhi, lakini alfajiri moja Mageni alimwona Klara akitoka nyumba ya mbali, bakuli amelifunika kwa kanga.

"Mama, samli ya huku mnaiuza wapi?" Mageni akamwuliza siku hiyo wakichambua mboga.

Klara akajibu, "Kuni za huku ni nyingi, mwenzangu. Hutahangaika." Akainuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Safarini kurudi Mageni akamwambia mumewe. Alimweleza kibuyu, bakuli na majani ya zizini. "Baba Cornel, ukiwaacha wale maksai, wale watu hawana ng'ombe. Walikuwa nao, sasa hawana."

Mihayo akasimama katikati ya njia. "Wewe umekwenda nyumba ya watu kuhesabu zizi lao?"

"Sikuhesabu. Nimeona."

"Usiniletee balaa. Mtu amekuchinjia kuku, unamlipa kwa jicho. Na maneno hayo usiyarudie mbele ya mtu yeyote."

Mageni akapiga hatua, wakaendelea na njia. Ndiyo adabu yetu hiyo tunayojisifia: uongo wa mwenyeji unavumilika, ukweli wa mgeni ni matusi.

Wakahama mvua za kwanza zilipotaka kunyesha. Shamba lao la Shinyanga mwanangwa wa kule akampa mtu mwingine palepale, maana ardhi ilikuwa inagombewa. Kurudi nyuma hakukuwapo tena. Wakaswaga ng'ombe siku nyingi, Cornel mbele, Mihayo nyuma akiimba kwa sauti ya mtu anayekwenda kutajirika. Kijiji kizima kikatoka kuwasaidia kujenga. Mwezi ule wa kwanza ng'ombe walinenepa, na Mihayo, kwa furaha, akatuma salamu kwa mdogo wake Luhende kwa mdomo wa mchuuzi mmoja: nchi ni nzuri, njoo na mifugo yako.

Kisha mvua ikakolea. Visiki vyote vile vikachipua. Watu walikuwa wachache, mikono ya kufyeka haikutosha, na kichaka kikarudi, na mbung'o wakatoka mabondeni walikokuwa wamejificha kiangazi chote. Ng'ombe wakaanza kuvimba matezi, kutokwa machozi, kubaki nyuma ya kundi, kulala na kutoinuka. Kila jioni Mihayo alisimama mlangoni mwa zizi akiita majina, na kila jioni majina yalipungua. Mageni alichuna ngozi mpaka mikono ikanuka wiki nzima. Hakusema "nilikuambia." Wanawake wengi wangesema, na wangekuwa na haki.

Ni Mihayo mwenyewe aliyemwendea Kalisti. Alimkuta analima muhogo.

"Ulijua," Mihayo akamwambia.

"Nilijua," Kalisti akasema bila kuacha jembe. "Hukuniuliza."

"Nani anauliza jambo kama hilo?"

"Basi nani analisema bila kuulizwa?" Kalisti akanyoosha mgongo. "Sikiliza, ndugu yangu. Nzi hawa hawaondoki kwa dawa, wanaondoka kwa watu. Tukiwa wengi tutafyeka, tutalima, watahama. Tukiwa wachache watatumaliza. Nilihitaji jirani mwenye shoka. Ningekuambia, ungekuja?"

Mihayo akamgeuzia mgongo. Alirudi nyumbani, na tangu siku ile hakutaka mtu amtajie kile kiangazi alichokuja kuonja udongo.

Luhende akafika baada ya mavuno, kama alivyoitwa. Alikuja na mke, watoto na ng'ombe wake wote, ameuza hata mlango wa nyumba. Vumbi la kundi lilionekana tangu mbali. Mihayo alikwenda kumlaki njiani akicheka, akamshika mkono, akamwuliza habari za wazazi, za mvua, za safari. Habari za hapa alisema mhola, yaani ni nzuri. Mageni alikuwa nyuma yake akingoja aseme. Walitembea hatua kwa hatua kuelekea zizini, na Mihayo hakusema. Aliona haya. Kaka mkubwa, mkagua nchi, aliyemwita mdogo wake, aanze vipi?

Luhende alipokuwa anafungua zizi, Mageni akamshika mkono.

"Shemeji, usiwaingize. Tulikuja na ng'ombe thelathini na sita. Leo tunao wanne. Wengine wote wamekufa kwa mbung'o, masika moja. Warudishe Shinyanga leo hii, kabla mvua haijaja."

Mke wa Luhende akajifunika mdomo. Mwanamke amesimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wa watu wamesimama mbele yake, naye anataja hesabu ya vifo kwa sauti. Usukumani kisu kingeudhi watu kidogo kuliko hivyo.

"Unanihesabia?" Luhende akauliza taratibu. Kisha akamgeukia kaka yake. "Huyu ana nini na mimi? Hataki nikae karibu?"

Mihayo akasema, "Mwache. Ana uchungu wa yaliyopita. Ingiza ng'ombe."

Wakaingia.

Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Huyu alikimbiwa na wa nyumbani mwake. Masika yalipokuja, ng'ombe wa Luhende wakaanguka kama walivyoanguka wa kaka yake, wengine hata kwa haraka zaidi. Na safari hii hakuna aliyesema mbung'o. Mbung'o ulikuwa ugonjwa wa mwaka jana. Mwaka huu kulikuwa na mtu aliyehesabu, na kila mmoja alimsikia. Mke wa Luhende akaacha kumwamkia. Wanawake kisimani wakawa wanachota haraka na kuondoka. Asubuhi moja Mageni alikwenda kwa Klara kuomba kaa la moto, na Klara, aliyekuwa ameinama jikoni, akamwambia moto umezimika. Moshi ulikuwa unapanda pale pale nyuma yake. Mageni akamtazama, akageuka akaenda zake.

Mwanangwa akaita kikao. Luhende akaeleza yake, akilia, maana alikuwa hana kitu tena. Kisha mwanangwa akamgeukia Mihayo.

"Wewe ndiye mwenye mke. Tuambie. Alianza kwa Luhende, au alihesabu na kabla ya hapo?"

Basi hapo palihitajika mtu mmoja tu. Mihayo angeweza kusema: mke wangu aliniambia mapema, nikamfokea, niliichagua nchi mimi, nikamwita mdogo wangu mimi. Maneno hayo yangechukua muda mfupi kuliko kuwasha kiko. Mageni alikuwa ameketi chini na wanawake, anamtazama usoni. Hakuomba. Alingoja tu.

"Alihesabu," Mihayo akasema. "Tangu tulipokuja kutazama nchi. Alihesabu zizi la Kalisti, akanisimulia njiani. Kisha ng'ombe wangu wakafa. Kisha wa huyu."

Ungeona jinsi kikao kilivyopata nafuu. Kalisti akashusha pumzi, kwa kuwa sasa hakumficha mtu kitu. Luhende alikuwa amepata wa kumlaumu asiye wa damu yake. Nchi ikawa safi, bwana shamba akawa mkweli, na Mihayo akawa mkagua nchi hodari aliyeharibiwa na mke. Uongo mmoja ukawatosha wanaume wote, kila mtu na kipande chake. Hata sasa nikilifikiria jambo hili damu inanichemka.

Wakamwambia arudi kwao. Mageni alifunga nguo zake, akachukua chungu kimoja na mwiko, akaondoka. Shinyanga hakwenda. Mtu aliyefukuzwa kwa neno kama lile, neno humtangulia. Alikwenda Nyarugusu, kwa wale wachimba dhahabu waliotoka kila upande, watu wasiojua ng'ombe wa nani alikufa wapi. Akapika ugali na maharage, wakala, wakamwita Mama. Wakimwuliza ametoka wapi, alisema mbali.

Miaka ikapita, mitatu au minne. Watu wakaongezeka kule kijijini, vichaka vikafyekwa, mbung'o wakapungua kweli, na ng'ombe wapya wakaanza kukaa. Siku moja wakati wa chakula cha mchana akaja mwanaume na baiskeli, akasimama kando mpaka wateja walipokwisha. Alikuwa Cornel. Alikuwa ameota ndevu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mageni alimtazama sana, akamfutia benchi kwa kanga yake. "Umekonda. Kaa."

Cornel akakaa. Akasema nyumbani ni wazima, ana mtoto wa kike, muhogo umekubali. Akazungushazunguka. Mwishowe akasema alichotumwa.

"Mama, baba anasema urudi nyumbani. Amekaa na wazee, wamezungumza. Amesema amekusamehe."

Mageni alikuwa anapakua. Akaacha mwiko ndani ya chungu.

"Amenisamehe lipi?"

Cornel alitazama chini. Alikuwapo Shinyanga, alikuwapo njiani, alikuwapo kila jioni majina yalipopungua. Yeye ndiye aliyekuwa akishika miguu ya ng'ombe mama yake akichuna ngozi, miezi mingi kabla Luhende hajaja.

"Lile la kuhesabu, mama," akasema kwa upole kabisa. "Yamekwisha. Hata mimi nimekusamehe."

Mageni akamjazia sahani, akamwekea na maharage mengi, akamsogezea maji ya kunawa.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Una safari ndefu ya kurudi."