Ng'ombe waliofunga barabara yetu leo

Leo nimepiga kelele mbele ya marafiki wa Nyota, na sijutii hata kidogo!

Haya bon, binti yangu Nyota anaendesha pikipiki. Mimi roho haitulii, nikamwambia safari ya leo na kikundi chake cha pikipiki lazima anibebe nyuma. Akakubali kwa sharti moja.

"Mama, ukipiga kelele tu, hutapanda tena."

Nikafunga mdomo. Kona zote za vijijini huku nje ya jiji la Columbus, Marekani, nilisali kimya kimya, nimeng'ang'ania mgongo wake.

Mara tukakuta ng'ombe wametoka shambani, wamejaa barabarani. Kiongozi wetu, Mmarekani mmoja mwenye ndevu, akapiga honi. Wote wakapiga honi! Ng'ombe wakatawanyika zaidi, ndama mmoja akakimbilia kwenye kona ambako madereva hawaoni mbele.

Nikashindwa kunyamaza. Nikashuka.

"Zimeni hizo pikipiki!"

Kwa Kiswahili, sauti yote. Wakazima, sijui walielewaje.

Nikamtafuta jike mzee, maana wengine humfuata yeye. Nikamwita kama baba yangu alivyowaita ng'ombe wetu kule kwetu milimani, "Hoooo, hooo mama," huku natembea polepole kuelekea geti la shamba. Akanifuata. Wote wakafuata, hata ndama akarudi mbio!

Wanaume wazima na majaketi yao ya ngozi wakanipigia makofi.

Nyota, ambaye kila siku hunijibu Kiingereza, akaniambia kwa Kiswahili: "Mama, Jumamosi tunapanda tena. Na unifundishe kuita vile."

Ninyi wenzangu wa milimani, watoto wenu wanajua kuita ng'ombe?