Uzi wa Busenda

Ninyi vijana mnaosoma haya mkiwa kwenye basi linaloteleza juu ya lami kutoka Kahama kwenda Ushirombo, huku mkinung'unika kwamba dereva anachelewa, nyamazeni kidogo niwaambie. Barabara haikuota yenyewe kama nyasi. Kabla ya katapila kufika, kulikuwa na watu waliokaa juani kuuliza itapita wapi na kwa ajili ya nani, na mmoja wao ni mimi. Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne kwa masista, nikajua kuandika, kujumlisha na kushona. Yote matatu yalinilisha mpaka nikazeeka.

Siku ya kwanza kazini nilikalishwa kwenye kigoda kando ya barabara ya Maganzo, juu yangu turubai lenye matundu. Mkubwa wangu aliitwa Msimamizi wa Vituo, mzee wa Kinyamwezi aliyevaa kofia ya jua hata ndani ya nyumba. Alinipa kidude cha chuma cha kushika kiganjani. Ukikibonyeza, namba inasogea. Sisi wafanyakazi tulikiita kuku, maana kazi yake ilikuwa kudonoa.

"Mama Sabina, gari likipita, bonyeza."

"Na mkokoteni wa ng'ombe?"

"Una kuku wake, huyu wa pili."

"Na mtu anayetembea?"

Akanitazama kama nimeuliza kuhusu kunguru. "Mtu si gari. Mtu mwache apite."

Nikamwacha apite. Siku nzima walipita, wamebeba kuni, debe za maji, magunia ya pamba, watoto mgongoni, na kuku wangu kimya.

Pale Maganzo nilijifunza pia mpira. Ulikuwa mpira mweusi mrefu unaolazwa kukata barabara, ncha moja imeingizwa kwenye sanduku la chuma. Gurudumu likiukanyaga, hewa inasukumwa, sanduku linahesabu. Wazungu waliotengeneza mpira ule hawakuijua Shinyanga. Siku ya mnada ng'ombe kutoka Kishapu waliukanyaga kundi zima, na Msimamizi alipofungua sanduku jioni akavua kofia yake. "Leo hapa kapita nani? Msafara wa Rais?" Wiki iliyofuata mpira wenyewe haukuwepo. Watoto wa jirani wote walikuwa na manati mapya.

Hesabu zetu zilipelekwa ofisini mjini kwa Afisa Mipango. Huyu alikuwa kijana wa chuo kikuu, mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilitiririka mpaka sisi Wasukuma tukaona haya kufungua mdomo mbele yake. Lakini hakuwa na dharau. Yeye ndiye aliyenifundisha kizio. Gari dogo lilikuwa kizio kimoja, lori lilihesabiwa kama magari madogo kadhaa kwa sababu ya uzito na ukubwa wake, baiskeli ilikuwa kipande tu cha kizio. Kwa hiyo vyombo vyote viliweza kujumlishwa kama kitu kimoja. Nikamuuliza tena kuhusu mtu wa miguu. Akasema, "Hana kizio, Mama. Hakwaruzi barabara, wala hachomi petroli." Kwa tathmini ya siku zile alisema sawa. Tathmini ya barabara ilikuwa kupima gharama ya kuijenga upande mmoja, na upande wa pili petroli, matairi na muda ambao magari yangeokoa. Pasipo na magari hapakuwa na cha kuokoa.

Baadaye nilihamishiwa Kagongwa, kwenye kazi iliyohitaji ulimi. Iliitwa mahojiano ya kando ya barabara. Tuliweka mwanzi barabarani, askari anasimamisha, mimi nauliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, kwa shughuli gani. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipowajua watu. Dhahabu ilikuwa imeanza kuvuta vijana kuelekea Geita, na hakuna aliyetaka kusema anakwenda kuchimba. Kila mmoja alikuwa anakwenda kwa mjomba. Wengine wana sululu zimefungwa kwenye blanketi, na bado wanakwenda kwa mjomba. Afisa Mipango alipoyasoma majibu akacheka mpaka akashika meza. "Mama Sabina, huyu mjomba ana ukoo mkubwa kuliko mkoa!"

Ila wale wa mjomba walikuwa nafuu. Walitaja walau pa kwenda. Walionishinda ni wa "hapo tu."

Mnalijua jibu hili, maana nanyi mnalitumia. Unakwenda wapi? Hapo tu. Hapo wapi? Hapo mbele.

Sasa niwaeleze ubao, ndipo mtaelewa kwa nini jibu hili lilinikera. Ofisini tulikuwa na ramani ya mkoa imegandishwa juu ya ubao laini. Kila kijiji kilichomekwa pini. Watu wakisema wanatoka Kagongwa kwenda Kahama, uzi unafungwa kutoka pini hii mpaka ile, na wakiwa wengi, nyuzi zinasokotwa pamoja ziwe nene. Nyekundu malori, bluu mabasi, kijani mikokoteni. Kazi ya kufunga ilinijia mimi kwa sababu vidole vyangu vilizoea sindano. Leo mnafanya hivyo kwenye kompyuta mnaita modeli. Ubao wetu nao ulikuwa modeli: unauuliza, tukiweka daraja hapa, hawa watapita wapi? Kisha unauhamisha uzi, unatazama.

Mwaka mmoja ofisi ilipata fungu la kujenga kivuko kimoja tu upande wa Ushirombo. Mahali palipoombwa ni pawili. Pa kwanza palikuwa bondeni, pale njia ya malori ya pamba ilipokata mto. Pa pili palikuwa Busenda, kijiji kilicho ng'ambo ya mto huohuo, ambako hakuna gari lililofika kwa sababu hapakuwa na pa kuvukia. Mhandisi wa Mkoa, mtu mkali asiyependa maneno mengi, alitutuma tukahoji pande zote mbili. "Sitaki huruma," alisema. "Nileteeni kitu ninachoweza kukitetea."

Busenda nilipangiwa kulala kwa Mama Kulwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mlimaji wa karanga. Masika yaliyotangulia uchungu ulimshika mto ukiwa umejaa. Wakampakia kwenye baiskeli, wakakaa naye ukingoni kungoja maji yapungue. Mtoto alitoka palepale na hakulia. Sasa alikuwa na mimba nyingine. Alikuwa akiificha chini ya kitenge, lakini mtu unayelala naye chumba kimoja hutamficha. Kila mara alivuka mto kwa miguu kwenda kliniki ya misheni Ushirombo, na masika mengine yalikuwa yanakuja.

Asubuhi nilikaa kwenye kituo changu njiani, Afisa Mipango kando yangu na makaratasi yake. Akaja Mama Kulwa na wenzake.

"Mwangaluka, mayu," nikawaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mnakwenda wapi?"

Mama Kulwa, ambaye nilikuwa nimetoka kunywa naye uji, akanitazama machoni. "Hapo tu."

Kazi yetu ilikuwa na amri moja: andika jibu la mtu, usiandike unalolijua wewe. Ukianza kuandika unayoyajua, kesho utaandika unayoyapenda. Nikaandika hapo tu. Wote walijibu hivyo.

Jioni nilimkabili jikoni. "Mama Kulwa, wewe unataka kivuko au hutaki?"

"Nakitaka kuliko wewe."

"Mbona husemi unakwenda kliniki?"

"Nimwambie nani? Yule kijana wa Tanga? Mimba haitangazwi njiani, Mama Sabina. Una watoto, hujui hilo? Na hawa wengine, wamehamishiwa kijijini hapa juzi tu. Mtu wa serikali akiwauliza wanakwenda wapi, wanasikia anataka kuwahamisha tena."

Hayo yalikuwa kweli.

Kazi ilipokwisha, Mhandisi alikuja na Land Rover, akaiacha ng'ambo, akavuka kwa miguu pamoja na ubao wetu. Kilikuwa kitu kipya kuwaonyesha wananchi matokeo kabla ya kuyapeleka juu. Ubao ukaegemezwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Wanaume mbele, wanawake nyuma wamekaa chini. Njia ya pamba ilikuwa imewaka nyuzi nyekundu. Busenda palikuwa na pini peke yake.

Afisa Mipango akaeleza vizuri, polepole. Mwenyekiti wa kijiji akashukuru. Ndipo Mama Kulwa akauliza kutoka kule nyuma, bila kusimama, "Na sisi uzi wetu uko wapi?"

Watu wakageuka. Mhandisi akanitazama mimi, kwani kufunga nyuzi ilikuwa kazi yangu. Nikasimama.

"Hamna uzi," nikasema. "Mlisema hapo tu. Hapo tu haina pa kuchomeka pini."

Wanaume wakacheka. Mama Kulwa hakucheka. Mama mkwe wake alikuwa ameketi karibu naye, akamvuta kitenge ili anyamaze. Kitenge kikabaki mkononi mwa mkwe, na Mama Kulwa akasimama na tumbo lake mbele ya kila mtu.

"Nakwenda Ushirombo," alisema. "Kliniki. Hii hapa mnaiona. Iliyotangulia ilifia mtoni na ninyi nyote mlikuwepo kwenye maziko. Andika, Mama Sabina. Usiandike hapo tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mwingine akasema yeye anapeleka karanga gulioni Ushirombo, na mume wake akashtuka, kwa sababu hakuwa anajua. Mwingine akasema mtoto wake ana kifafa, anafuata dawa.

Afisa Mipango akamsogelea mkubwa wake. "Mzee, hawa ni watembea kwa miguu. Hawana kizio."

Mhandisi akaugeukia ubao. "Basi wape uzi kwanza," akasema. "Vizio tutabishana Shinyanga. Ila maneno ya mkutanoni si mahojiano. Rudieni kazi."

Tukarudia, na safari hii Afisa Mipango alibadilisha utaratibu. Tuliweka benchi kivulini na mtungi wa maji. Tulisalimu kwa ukamilifu, tukawauliza habari za nyumbani, tukaeleza sisi ni nani na kwa nini tunauliza, ndipo tukauliza. Wanawake walihojiwa na mimi, mbali na wanaume. Ilichukua muda mrefu na Msimamizi alilalamika kwamba tunanywesha wilaya nzima. Lakini majibu yalikuja na majina ya mahali. Rangi za uzi zikawa zimeisha, nikafumua gunia la katani nikasokota kamba ya kahawia. Kutoka Busenda mpaka Ushirombo ikawa nene kama kidole changu.

Ubao huo ulikwenda kwenye semina ya mipango ya usafiri mjini Shinyanga. Walikuja wakubwa kutoka mikoa mingine na kutoka Dar es Salaam, wamevaa suti za Kaunda, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Mimi nilikuwa pale kuushika ubao usianguke. Mgeni mmoja, mtaalamu wa uchumi, akaigusa kamba yangu kwa kalamu.

"Hii nini?"

"Watu wa miguu," akajibu Afisa Mipango.

"Faida yao mnaipimaje? Hawana petroli ya kuokoa."

Kijana wa Tanga akakunjua mikono ya shati. Hakuringa, hakupaza sauti. Alisema karanga zisizofika gulioni ni hasara inayopimika kwa bei, na siku za kazi zinazopotea mtoni zinapimika pia. Alipofika kwa wagonjwa aliweka kalamu mezani. "Hao sijajua kuwapima," akasema. "Lakini nikiwaacha, jibu langu najua si sahihi." Walibishana mpaka chai ikapoa. Mhandisi ndiye aliyemaliza: njia ya pamba ijazwe mawe ili malori yaendelee kupita kama yalivyozoea, na fungu liende Busenda kujenga daraja fupi la kalavati, yaani mabomba mapana ya zege yaliyopangwa mtoni maji yapite ndani, watu juu.

Msidhani lilijengwa kesho yake. Saruji ilichelewa, masika yakaingia, mto ukajaa tena kama kawaida yake. Lakini Mama Kulwa hakuwa Busenda. Mama mkwe wake, ambaye kwa aibu hakusema naye siku kadhaa, mwishowe alimwambia, "Kama umeshawatangazia wanaume wote wa kijiji, unaficha nini tena? Nenda ukakae kwa dada yako Ushirombo kabla ya mvua." Akaenda. Akazaa msichana, analia kama king'ora. Daraja lilipokamilika kiangazi, yule mtoto alilivuka akiwa mgongoni, na Mama Kulwa, akiwa katikati ya daraja, aliponiona akapiga kelele, "Mama Sabina! Uniulize sasa ninakwenda wapi!"

Nikamuuliza. Akanitajia mahali na shughuli.

Nilifanya kazi vituo vingine baada ya hapo, mpaka macho yakakataa kuona namba. Nilipostaafu Mhandisi mwingine kabisa alinipa kuku mmoja wa chuma awe wangu. Yupo kabatini, bado anadonoa. Kazi ile naifikiria hivi: vyombo hubadilika, na vyenu ni vizuri kuliko vyetu. Ila hakuna chombo kitakachojua unakwenda wapi kama mdomo wako umefungwa.

Mwezi uliopita walipita hapa vijana wawili na simu kubwa, wanahoji kaya kwa ajili ya barabara ya mtaa. Walikuwa na vitambulisho shingoni na walisalimu vizuri. Mjukuu wangu alikuwa getini juu ya pikipiki. Nikiwa jikoni nikamsikia: "Nakwenda hapo tu, kwani vipi?" Nilitoka na mwiko mkononi. Nikawaita wale vijana wakiwa wameshafika kwa jirani, nikawapa viti na maji, nikamshusha mjukuu kwenye pikipiki, akaulizwa upya. Jioni nikawakusanya wote, wakubwa kwa wadogo, na hata mkwe wangu mwenye shahada, nikawaambia:

"Mtu akija kuuliza habari za barabara, mwulizeni kwanza yeye ni nani na katumwa na nani. Akishajieleza, mpeni kiti, mtaje mahali mnapokwenda na mnachokifuata. Hapo tu isisikike tena kwenye nyumba hii."