Diwani wa Kata Iliyozama

Sulochana Semwal alikuwa diwani wa Kata ya Tisa, na Kata ya Tisa ilikuwa chini ya maji. Bwawa la umeme liliimeza yote, hekalu, soko na nyumba mia mbili. Watu walihamishiwa tambarare, lakini majina yao yalibaki kwenye daftari letu la wapiga kura, na sheria ni sheria: kata yenye wapiga kura lazima iwe na diwani. Kila uchaguzi walirudi kwa mabasi kumchagua.

Mimi ni karani wa baraza, na sanduku la maombi pale getini nalifungua mimi. Kila Jumatatu nilikuta humo karatasi yetu ya mhuri, imelowa, haina neno hata moja, ila alama ya dole gumba lenye kovu la mundu. Nililinganisha na daftari la wajane. Lilikuwa dole la mama yake Sulochana, aliyekataa kuhama na mwili wake haukupatikana. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Analalamika, Mzee Uniyal," aliniambia Sulochana. "Kata ikifutwa, atamlalamikia nani?"

Siku ya kupigia kura pendekezo la kuifuta, mwenyekiti alimchokoza. "Dada Semwal, samaki wako wanasemaje? Wanataka lami?"

"Cheka tu, kaka. Wangu angalau hujawadanganya kwa ahadi za mabomba ya maji."

Kura zikawa tano kwa tano. Ikabaki yake. Alikuwa ameishika karatasi ya Jumatatu ile, na ndipo nilipoona jambo ambalo kwa hofu ya lile kovu hatukuliona miaka sita. Kwetu asiyejua kuandika akilalamika, hupiga dole chini. Akiomba jina lake litolewe daftarini, hulipiga juu, kando ya mhuri. Hili lilikuwa juu.

Nilimnong'oneza.

"Kumbe anaomba ruhusa," alisema. "Na mtu wa kata yangu akiomba, wa kumpa ni mimi."

Akanyoosha mkono, kata ifutwe.

Jumatatu iliyofuata alikuja getini, si diwani tena. Nilimpa ufunguo kinyume cha kanuni. Aliingiza mkono, akapapasa kila pembe ya sanduku. Halikuwa na kitu.

"Mama," alilia, "mbona umeondoka upesi hivi?"